Ulikuwa Ufagio, Si Mwiko

Kitale, 11 Februari 2007

Mulembe Kukhu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti likiwa limepunguza kelele. Mimi sijambo. Kitale ni vumbi tu. Matrekta yamejaa barabarani na kila mtu anatazama juu akitafuta wingu. Mama alipiga simu kutoka Tongaren, anasema shamba la juu limeshalimwa, na ati nikuulize kwa nini umeifungia kabatini simu aliyokununulia. Nikamwambia jibu nalijua: utasema simu inameza maneno ya katikati.

Bado niko pale saiba, kwenye duka la kompyuta, nafundisha watu kufungua barua pepe na kuwakumbusha neno la siri walilolisahau. Lakini kuna jambo jipya. Zamani mtandao ulikuwa kama gazeti: wenye kampuni wanaandika, sisi tunasoma. Siku hizi umegeuka baraza. Yeyote anasimama anasema lake, na mwingine anamjibu palepale chini. Basi na mimi nimefungua blogu, yaani ukurasa wangu mwenyewe. Naandika mambo ya nyumbani, jinsi unavyopika mboga ya mrenda kwa munyu, ile chumvi ya majivu, na vihadithi viwili vitatu vya zamani. Hakuna kitu cha kukutia wasiwasi.

Nisalimie majirani wote, hata yule wa kuku.

Mjukuu wako,
Levi Khisa

*

Chwele, 4 Machi 2007

Mume wangu wa Kitale,

Mulembe. Barua yako nimeipata. Goti lipo. Ng'ombe amezaa ndume, na ana kichwa kikubwa kama cha babako alipokuwa mdogo. Jumapili mchungaji alihubiri juu ya uvumilivu, na mahubiri yalikuwa marefu hivi kwamba tuliufanyia mazoezi hapohapo.

Sasa tuje kwa hicho kitu kisichotia wasiwasi. Siku ya soko nilikuwa nachagua vitunguu, mama nisiyemjua akaniuliza kama ni mimi yule mwalimu aliyemfukuza mchumba kwa mwiko. Nikafikiri amenifananisha. Kumbe Edinah, binti wa jirani anayesomea kompyuta Bungoma mjini, amechapa ukurasa wako kwenye karatasi, na karatasi imezunguka soko lote mpaka kwa wauza mbuzi. Mwishowe ilinifikia ikiwa na mafuta ya mandazi, lakini inasomeka.

Levi, nilikufundisha kusoma mimi mwenyewe. Sikukufundisha kuongeza chumvi. Yule mwanamume alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, alikuja na redio begani ikiimba, akataka nimtolee jibu kabla wimbo haujaisha. Hilo umepatia. Lakini haukuwa mwiko. Ulikuwa ufagio. Mwiko ni wa chakula, mimi si mtu wa kuchezea chakula. Pia hakulia, aliingiwa na vumbi. Na hapo uliposema nilikuwa mnene, futa uandike nilikuwa na afya.

Nani alikupa ruhusa? Natamani uondoe yote. Lakini kama ni lazima ikae, basi ikae sawasawa.

Mimi mkeo mwenye afya,
Kukhu Emmy Nasimiyu

*

Kitale, 25 Machi 2007

Mulembe Kukhu,

Nimekubali kosa la mwiko. Huku mvua ya kwanza imenyesha, watu wameanza kupanda, na paa la chumba changu limeniambia mahali lilipotoboka. Mama anakusalimu.

Kuhusu kuondoa, sijui nitaanzia wapi, maana wewe sasa ni mtu mkubwa. Mtu akiandika neno "mrenda" kwenye Google, unatokea wewe mbele, na ukurasa wa wataalamu wa kilimo unakufuata nyuma. Nilishangaa, nikasoma nijue kwa nini. Ni kwamba ile mashine haijui mrenda. Inaangalia watu wameelekea wapi, nani ameonyesha nani njia, wapi kuna mazungumzo. Ukurasa wa wataalamu umenyamaza tangu uandikwe. Wetu una watu wanabishana usiku na mchana. Kuna Mbukusu yuko Doha anasema alisoma huku akimeza mate. Kuna mmoja anaitwa Kipruto, wa Eldoret, anadai munyu unaharibu ladha, na akina mama watatu wamemshukia.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nimeketi ili niubadilishe ule mwiko kuwa ufagio kama ulivyoagiza. Kabla sijagusa kitu, nikakuta mtu ameshasahihisha. Ameandika hivi: "Haukuwa mwiko. Ulikuwa ufagio, na mimi ndiye niliyempa. Emmy bado yuko hai?" Halafu jina: Lorna.

Kukhu, Lorna ni nani? Huyu alijuaje habari ya ufagio, na barua yako ilikuwa mfukoni mwangu?

Levi

*

Chwele, 29 Aprili 2007

Mume wangu,

Mulembe mulembe. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya palizi ya maharagwe. Yameota vizuri. Mvua ni ya kutosha, ingawa ilibomoa ukuta wa choo cha shule, na wanafunzi wamefurahi kuliko inavyofaa. Ndume sasa anajua kufungua mlango wa jikoni kwa pua. Mama yako alikuja, akaitoa simu kabatini, akaichaji, akaniachia mezani. Nimeirudisha.

Nimefikiria hiyo habari ya Google. Unasema inaangalia mahali watu wamejaa. Hapa Chwele watu wakijaa mahali, pengine ni pa yule mwenye nyanya nzuri. Pengine ni pa yule wa karata tatu, anayewala mpaka nauli. Ukiwa mbali huoni tofauti, unaona migongo tu. Kwa hiyo usijivune sana kwamba niko mbele ya wataalamu. Huenda wao wana nyanya.

Mchungaji bado anahubiri uvumilivu. Mimi nimeshaupata, naomba tuendelee na somo lingine.

Kukhu

Tena: huyo mtu wa ufagio aliandika akiwa wapi? Nauliza tu. Usimwambie nimeuliza.

*

Kitale, 13 Mei 2007

Mulembe Kukhu,

Nimesoma habari za maharagwe, choo, ndume, simu na karata. Ni barua nzuri sana ya mtu anayezunguka shimo. Halafu pale chini kabisa, kama mtu anayesahau mwavuli, ukaniuliza Lorna yuko wapi.

Sijui. Mtandao unaonyesha jina, hauonyeshi mlango. Lakini baada ya ule ufagio aliandika mara nyingine. Anasema mlisoma pamoja chuo cha ualimu, mkapangiwa shule moja huku chini ya mlima, mkakaa nyumba moja ya walimu. Anasema ulikuwa unakoroma kwa Kibukusu. Halafu akaandika kwamba ulipoolewa Lugulu yeye hakuja arusini, na kwamba hajawahi kukuambia kwa nini. Kipruto akamuuliza palepale, mbele za watu: kwa nini? Hakujibu. Watu wote sasa wanasubiri jibu. Hata Mbukusu wa Doha anauliza kila asubuhi.

Ila Kukhu, tangu siku hiyo amenyamaza. Wiki zinapita. Redio unasikia mwenyewe wanavyosema kuhusu mapigano ya mashamba huko mlimani. Pengine ni mtambo tu umeharibika huko aliko. Sitaki kusema mengi.

Sasa niambie wewe.

Levi

*

Chwele, 20 Mei 2007

Levi,

Sina habari za ng'ombe leo.

Anaitwa Lorna Chepkemoi. Kwao ni juu, upande wa Kopsiro. Nyumba nyingi za huko zimechomwa, na watu wamelala msituni na watoto. Wewe unajua, mimi najua, ndiyo maana hatuandiki.

Bandika maneno haya kama yalivyo. Usitie pilipili.

"Lorna, mimi ni Emmy, niko hai. Sikoromi. Arusi yangu ilikuwa nzuri, lakini nilikuwa nageuka geuka kuangalia mlango mpaka mchungaji akaniuliza kama ninataka kukimbia. Nilikasirika mwaka mzima. Mwaka wa pili nikakuandikia, barua ikarudi. Baadaye nikawa na watoto, hasira ikakosa mahali pa kukaa. Kama una paa juu ya kichwa, niambie. Kama huna, mimi ninalo. Fika Chwele, uliza mwalimu Emmy kwa wauza vitunguu. Ni wao wanaonicheka siku hizi, watakuonyesha."

Ipeleke leo.

Kukhu

*

Kitale, 17 Juni 2007

Mulembe Kukhu,

Mahindi yamefika magotini. Mama amepata mbolea. Mimi nimepata mafua, nimepona.

Maneno yako niliyabandika siku ileile, na hujaona kitu kama hicho. Watu wameyabeba wakayaweka kwenye kurasa zao, kila mmoja akiacha alama ya kurudi kwetu. Kila alama ni kama mtu amenyoosha kidole barabarani: pitia hapa. Zamani ukitafuta jina Lorna Chepkemoi ulikuwa unapata wanariadha watupu. Sasa unapata barua yako. Mwanamke mmoja wa Nyeri, Waruguru, anasema ameisoma kanisani. Wengine wameanza kuwatafuta watu wao humohumo chini ya maneno yako: mwalimu wa zamani, dada aliyehamia Uganda, rafiki wa jeshini. Wawili tayari wamepatana. Kipruto ameomba msamaha kwa kuuliza swali lile, na kwa habari ya munyu pia.

Lorna mwenyewe bado. Lakini ni mapema. Nitakuandikia kukiwa na neno.

Levi

*

Chwele, 24 Juni 2007

Levi,

Umeniandikia barua ndefu yenye mbolea na mafua, ukaacha lile moja.

Edinah amechapa ukurasa wote kama kawaida yake. Kuna mtu asiyejitaja ameandika kwamba mwalimu Lorna alikufa mwezi wa nne na akazikwa hukohuko juu. Edinah alisimama mlangoni kwangu muda mrefu, hajui aingie au arudi. Aliingia, akanipa. Wewe hukunipa. Nimeulea huo moyo wako laini na ninaupenda, lakini mimi nimezika mume na watoto wawili. Siwezi kufichwa kitu kama mtoto anayefichwa sukari.

Kisha nimekaa nikafikiri. Mtu huyo hakusema amejuaje. Hakusema alikuwepo mazishini. Amesimama barazani akatoa sauti, na mashine yako haijui kama ana nyanya au karata.

Watu wengi wa mlimani wamekimbilia Kitale. Ondoka kwenye kompyuta utumie miguu. Pita makanisani, uliza.

Kukhu

*

Kitale, 8 Julai 2007

Mulembe Kukhu,

Naanza na lililo kubwa, salamu zitafuata. Yuko hai. Nimemwona, nimeshika mkono wake, na amenikaripia.

Nilifanya ulivyosema. Jumapili mbili nilizunguka makanisa ya hapa mjini, nikisimama wakati wa matangazo na kutaja jina lake. La nne lilikuwa kanisa la mabati karibu na barabara ya Kapenguria. Nilipotaja jina, msichana mmoja akaniangalia akasema, "Wewe ni yule wa ufagio." Anaitwa Jerono. Lorna ni shangazi yake. Ni yeye aliyekuwa akimchapia yale maneno kwa kompyuta, na alikuwa akiyachapa katika saiba inayotazamana na yetu, ng'ambo ya barabara, kwa sababu ati mashine zetu zinakwama. Kukhu, alikuwa mbele ya macho yangu. Halafu Jerono akaenda kusoma Eldoret, na shangazi hajui kuchapa, ndipo kukawa kimya; sasa amerudi kumtembelea. Barua yako hakuwahi kuiona.

Nilikuwa nayo mfukoni. Tulikwenda kwenye chumba wanachokaa, nyuma ya kiwanda cha mbao, yeye na watu wa familia tatu. Amekonda, amevaa sweta ya mtu mrefu kuliko yeye, lakini anakaa wima kama mtu anayesubiri kengele ya shule. Akaisoma mara moja, akarudia. Nilifikiri atalia. Akasema, "Bado anaandika kama anasahihisha mtihani."

Nikamweleza kwamba kuna mtu aliandika amekufa. Akataka kujua alisema amezikwa wapi. Nikamwambia, juu. Akasema, "Basi huyo hanijui. Mimi nataka kuzikwa mahali tambarare, nimechoka kupanda."

Tukacheka wote. Kisha nikamwambia njoo twende Chwele, nitakusindikiza. Hapo akaacha kucheka. Alisema siku hizi mtu wa mlimani akishuka huko chini, watu wanasikiliza lafudhi yake kwanza, ndipo wanajibu salamu. Alisema hataki kukuletea maneno mlangoni. Nilimbembeleza, na Jerono akambembeleza, akakataa. Alichosema mwisho nakuandikia kama alivyokisema: "Mwambie Emmy nimefurahi kujua kwamba hakoromi. Inatosha."

Nisamehe kwa kukuficha. Niliogopa.

Levi

*

Chwele, 12 Julai 2007

Mume wangu,

Haitoshi.

Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Usimwambie Lorna. Usimwambie mama yako pia, ataanza habari ya goti.

Kukhu

*

Chwele, 9 Septemba 2007

Mume wangu wa Kitale,

Mulembe kutoka kwetu sote. Mahindi yameanza kukauka, nyani wameyaonja upande wa mto. Ndume tumemfunga kamba. Mchungaji ameanza somo la ukarimu, na nadhani ananiangalia mimi.

Najua una kinyongo. Ulinishika mkono kutoka stendi mpaka pale kwa mbao, ukabeba mifuko, ukaona tulivyosimama mimi na yeye mlangoni, halafu nikakutuma soda, uliporudi ukakuta mlango umefungwa. Mbukusu wa Doha anauliza tulisema nini, Kipruto anauliza, Edinah ananipitia kila jioni akijifanya anakuja kuazima chungio. Nitakuambia wewe. Hao wengine waambie unavyoona.

Nilimuuliza lile swali. Nilimuuliza kwa ukali, maana nilikuwa nimelipangia maneno miaka yote hiyo. Akasema alikuja. Alivaa gauni lake la kijani, akapanda lori la mahindi mpaka Lugulu, akafika kwenye lango la kanisa. Akasikia tunaimba. "Nikajua nikiingia nitalia," akaniambia, "na watu watasema yule msichana wa mlimani analilia bwana arusi. Na mimi sikuwa nalilia bwana arusi, Emmy. Nilikuwa nalilia nyumba yetu."

Akageuka akarudi kwa miguu, na lori lilikuwa limeshaondoka.

Sikuwa nimelipangia maneno hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa homa, kwa baba mkali, hata kwa wivu. Tulikaa tu pale kitandani, mimi na goti langu, yeye na sweta ya watu, na watoto wa familia zile wakichungulia dirishani. Kisha nikamwambia afunge mizigo. Akasema hana mizigo. Nikamwambia, basi tumeokoa muda.

Ameshatulia hapa sasa. Analala chumba chako, kwa hiyo Krismasi utalala sebuleni. Anapika mrenda bila munyu, na tumegombana juu ya hilo mpaka ng'ombe wakasikia. Kipruto amepata mwenzake. Asubuhi anafundisha watoto wa jirani hesabu barazani, kwa sauti ileile ya zamani, na mimi nikiwa jikoni najikuta nataja majibu.

Lakini usifikiri kila mtu amefurahi. Wiki ya pili walikuja wazee wawili wa hapa, watu ninaoshiriki nao kanisa, mmoja nilimfundisha kuandika jina lake. Walikunywa chai kwanza. Halafu wakasema kwa upole kwamba nyakati hizi si nzuri, watu wanaongea, na ingefaa mgeni huyu ajulikane ni nani, ametoka wapi, na atakaa mpaka lini. Lorna alikuwa chumbani, mlango uko wazi, anasikia yote. Nikaona kimya chake, kile cha mtu anayetafuta viatu vyake.

Nikawaambia, "Ni mgeni wa arusi yangu. Amechelewa kidogo njiani. Atakaa mpaka arusi iishe." Wakauliza itaisha lini. Nikawaambia waniulize nikishakufa.

Yule niliyemfundisha aliinama akacheka kwenye kikombe. Mwenzake hakucheka, lakini alimaliza chai. Wakati wa kuondoka, yule mcheshi alisimama mlangoni pa chumba, akamsalimia Lorna kwa Kisabaoti, lugha ya mlimani, tena kibovu sana. Lorna akamsahihisha. Nilijua hapo kwamba hatatafuta viatu tena.

Sasa nina kazi kwako. Edinah anasema watu bado wanaandika jina la Lorna kwenye hiyo mashine, na bado wanafika kwenye barua yangu ya huzuni, na yule mwongo wa mazishi bado yuko palepale chini akiaminiwa na wapya. Usimfute. Andika juu yake, juu kabisa, kwa herufi kubwa, kitu ambacho mtu akitafuta atakiona kabla ya vingine vyote: kwamba Lorna Chepkemoi amepatikana, yuko Chwele, na ndiye anayekoroma.

Mkeo,
Kukhu Emmy